Neno "Uki" Sikuliandika

Mama yangu alinikuta jikoni nimeingiza kichwa ndani ya sufuria yake kubwa, nikiinusa. Sufuria yenyewe ilikuwa tupu. Nilikuwa nimepiga magoti chini, mikono imeshika masikio ya sufuria, na pua yangu ilikuwa inazunguka polepole kwenye ule ukoko mweupe wa maziwa unaobaki pembeni hata ukisugua na mchanga. Sikumsikia akiingia. Niliona tu mwanga wa mlangoni umezibwa.

"Mwikali, unatafuta nini humo?"

"Hakuna, mwaitu." Hivyo ndivyo sisi Wakamba tunamwita mama.

"Kama hakuna, mbona unanusa?"

Akachuchumaa mbele yangu, akachukua sufuria, akainusa yeye mwenyewe, vile mtu ananusa nyama ya jana. Halafu akaigeuza mdomo ukaja kwangu.

"Nusa tena. Nusa vizuri, uniambie ni nini."

Nikanusa. Kulikuwa na moshi, tangawizi na maziwa yaliyoungua. Ilikuwa chai, na hakukuwa na kitu kingine. Ilitakiwa niseme neno hilo moja tu. Lakini nilinyamaza, kwa sababu wakati huo niliamini ni pua yangu isiyojua, na kwamba Kiingereza kinajua zaidi.

"Hata wewe," mama akasema.

Hakusema kwa hasira. Aliinuka, akatundika sufuria kwenye msumari wake, akatoka nje kuanua nguo. Nimezika watu, nimelala njaa, nimeachwa na mume, lakini nikiulizwa siku yangu mbaya, ni hiyo. Na nataka ijulikane si mimi niliyejiingiza kwenye ile sufuria. Kuna mtu alinishika kichwa akakisukuma humo, na jina lake nitalitaja.

Singeandika haya kama si binti yangu Mutheu. Mutheu ni nesi, na anataka kwenda kufanya kazi ng'ambo, na huko hawamchukui mtu mpaka apite mtihani wa Kiingereza. Mimi nilishangaa. Mtu amezalisha akina mama usiku kucha, anajua kutafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto mchanga, halafu anarudishwa tena kuandika insha kama mtoto wa shule. Jioni moja alikuja nyumbani kwangu hapa Mukuyuni na karatasi zake, akakaa jikoni, akaanza kunisomea aina za maswali wanayoulizwa. Kuna swali la kusema kama unakubali au unakataa. Kuna la kuangalia pande mbili halafu utoe maoni yako. Kuna la faida na hasara. Kuna la kutaja shida na kueleza itatuliwe vipi.

"Kila moja na jibu lake, Mum," aliniambia. "Ukijibu hii kama ile, unaanguka hata kama Kiingereza chako ni safi."

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye jiko, maziwa yako motoni.

"Na unajua wamenikata maksi kwa nini kwenye mazoezi?" Akaanza kucheka peke yake. "Nimeandika 'cook tea'. Unafikiria? Na uzee wote huu."

Maziwa yakapanda, yakamwagika kwenye makaa. Ile harufu ya maziwa yanayoungua ikajaa jikoni, na Mutheu akaruka kuitoa sufuria, akiniuliza kwani nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimerudi darasa la nane, kwenye dawati la mbele, na Mwalimu Musau amesimama mbele yangu na kiboko.

Kwanza nieleze kazi ya mama, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kilitoka.

Baba alikufa nikiwa bado sijui kufunga kamba za viatu, na mama alinilea kwa chai. Alikuwa na kibanda pale sokoni Mukuyuni, nguzo za makonge, mabati kidogo juu, na benchi ambalo lilikuwa ubao wa kitanda. Chai yake watu waliifuata. Maziwa aliyaweka kwenye kitete, kile kibuyu chetu, na kabla ya kuyatia alikisugua ndani kwa kijinga cha moto, ndiyo maana chai yake ilikuwa na kamoshi kwa mbali. Tangawizi aliitwanga mwenyewe. Aliiacha chai ipande, ishuke, ipande tena, na kila ikipanda aliinua sufuria kidogo bila kitambaa, mikono yake ilikuwa imezoea.

Kabla hajamuuzia mtu yeyote, alichota kidogo kwenye mfuniko, akapuliza, akanipa mimi.

"Onja, uniambie."

Mimi ndiye niliyekuwa nasema. Nikisema bado, aliirudisha motoni. Nikisema tayari, aliita wateja. Sijawahi tena maishani kupewa kazi kubwa namna hiyo. Nilikuwa naonja na uso umekunjwa kama mzee wa baraza, na wale wanaume kwenye benchi wananingoja.

"Hakimu amesema aje?" Abdi alikuwa anauliza. Abdi alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, Mwislamu aliyetoka upande wa Garissa, na kila siku ya soko alikaa pale mwisho wa benchi na kikombe chake.

"Amesema bado," mama alijibu.

"Huyu hakimu ni mkali. Ng'ombe zangu zitakufa na mimi bado nangoja chai."

Kando ya kibanda chetu kulikuwa na hoteli ya Mama Ndinda. Hoteli ya kweli, iliyojengwa kwa matofali, na kabati ya vioo yenye mandazi. Watu walipita mbele ya mlango wake wakaja kukaa kwenye ubao wetu. Mama Ndinda alikuwa anasimama mlangoni, mikono kwenye aproni, akiwaangalia wanavyopita. Alikuwa mke wa Mwalimu Musau. Ukumbuke hapo.

Sasa Mwalimu Musau. Alitufundisha Kiingereza, na wazazi walimheshimu sana, kwa sababu ilisemekana hakuna anayejua Kiingereza kama yeye kutoka hapo mpaka Machakos. Alikuwa pia mzee wa kanisa. Sharti lake la kwanza lilikuwa aina za insha. Aliziandika ubaoni na kutuimbisha. Kuna ya barua. Kuna ya kusimulia, ambayo unaweza kutunga. Kuna ya kubishana. Na kuna ya kueleza, ambayo hutungi, unasema kile umeona kwa macho yako. "Ukichanganya," alisema, "umejichimbia."

Sharti la pili lilikuwa maneno manene. Maneno membamba hayana maksi. Na neno lililomkera kuliko yote ni lile lile lililomkamata Mutheu, kwa sababu sisi kwetu chai inapikwa, kama vile isyo yetu ya mahindi na maharagwe inavyopikwa, na mtoto akiandika insha anaipika hata kwa Kiingereza.

"Nani amepika chai humu?" alituuliza siku moja, ameinua daftari la Ngina juu kama panya aliyekufa. "Ngina. Chai ni ugali?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ulitumia mwiko?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ilishika chini?"

Darasa lilicheka mpaka Ngina akaanza kulia. Halafu Mwalimu akaandika ubaoni neno nene, herufi kubwa, akalipigia mstari. Brew.

"Waingereza chai hawapiki. They brew. Semeni."

"Mbrew," tukasema, kwa sababu ulimi wetu haupendi b iende peke yake, lazima itanguliwe na m.

"Si mbrew. Brew."

"Mbrew."

"Nyinyi mtakufa na hiyo m midomoni," alisema, lakini hata yeye alikuwa karibu kucheka. Ngina alichapwa, na mimi nikaweka lile neno kichwani kama kitu cha mama. Niliona wamelitengenezea mama yangu. Watu wa mbali wamekaa huko kwao na wakatafuta jina la kile anachokifanya mama kwenye kibanda, na jina lenyewe ni nene, lina maksi.

Wimbo mwingine ulikuwa wa vitenzi. Asubuhi kabla ya kengele tuliimba drink, drank, drunk, tukipiga madawati. Na Mwalimu akatufafanulia. Anakunywa ni drink. Alikunywa ni drank. Amekunywa, amemaliza, kikombe kimeisha, huyo ni drunk. Hivyo ndivyo alivyotuambia. Kwamba kuna drunk nyingine, ya mtu anayeanguka kwenye mtaro, hilo hakutuambia, au kama aliwaambia wengine mimi siku hiyo sikuwa shuleni, nilikuwa nimetumwa maji.

Kisha ukaja ule mtihani wa majaribio tuliouita moku. Swali aliliandika ubaoni kwa mkono wake: eleza kazi ya mtu unayemjua vizuri. Akatuonya. "Hii ni ya kueleza. Sitaki hadithi hapa. Andika unachokiona nyumbani kwenu."

Niliandika kwa furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwenye karatasi. Nilieleza kitete na kijinga. Nilieleza ubao wa kitanda. Yale mengine nimeyasahau, lakini kuna sentensi ambazo haziwezi kunitoka kwa sababu nilizisikia tena mbele za watu. My mother brews every day. People come from far to drink from her. When the sun goes down all of them are drunk and they praise God.

Hiyo ya mwisho ilikuwa kweli kabisa. Kulikuwa na mzee mmoja, kila akimaliza kikombe alivua kofia na kusema Bwana asifiwe, na benchi zima linaitikia Amina, na mama anasema asanteni, haya vikombe.

Jumapili iliyofuata tulikaa kanisani kama kawaida, mimi kati ya mama na Susu, ndiye nyanya yangu. Kanisa letu lilikuwa la mabati na kulikuwa na joto. Mchungaji Kilonzo alimaliza matangazo, akasema kuna jambo zito limeletwa na wazee, na akamwita Mwalimu Musau. Mwalimu akasimama, akatoa karatasi kwenye Biblia yake. Nilijua ni yangu hata kabla hajaifungua. Nilijua kwa lile doa la wino pembeni.

Niambie wewe ungefikiria nini. Mimi nilifikiria nimepita. Nilifikiria insha yangu imekuwa nzuri mpaka inasomwa kanisani. Nilinyoosha marinda ya nguo yangu, nikaangalia kama wale wasichana wa kwaya wananiona. Akaisoma kwa Kiingereza, kwa sauti yake ile ya darasani, na kanisa lote likanyamaza, kwa sababu wengi hawakuelewa hata neno, na Kiingereza kikisomwa kanisani ni kama kimetoka mbinguni. Nilikuwa natabasamu. Mama pia alikuwa anatabasamu, aliniambia kwa kiwiko.

Halafu Mwalimu akageuza kwa Kikamba.

Alisema: mama yangu anatengeneza uki kila siku. Watu wanatoka mbali kunywa uki wake. Jua likizama wote wamelewa, na bado wanalitaja jina la Mungu.

Uki ni pombe yetu ya kienyeji. Katika kanisa letu ilikuwa afadhali uitwe mwizi. Neno hilo halikuwa kwenye karatasi yangu. Sikuliandika, wala kwa Kiingereza silijui hata leo. Alilitoa kinywani mwake, akaliweka kwenye mkono wangu, akalionyesha kanisa.

Mama alisimama. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Mwalimu," alisema, "mimi hupika chai. Wewe mwenyewe umekunywa. Mchungaji pia amekunywa."

Mchungaji Kilonzo akainamisha macho kwenye meza. Ndiyo, alikuwa amekunywa, na mara nyingi alikunywa bila kulipa na mama alikataa kumdai. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio siwezi kumsamehe:

"Mama Mwikali, mtoto ndiye ameshuhudia. Ameandika kwa mkono wake. Unataka kutuambia mtoto wako ni mwongo?"

Kanisa lote likageuka kuniangalia. Nilitaka kusimama. Susu alinishika nguo kwa nyuma, akanivuta chini. Na hata kama ningesimama ningesema nini? Mwalimu alikuwa amesema ndiyo maana ya Kiingereza changu. Yeye ndiye aliyenipa hicho Kiingereza. Kama amesema drunk ni kulewa, basi nimeandika kulewa.

Mama aliniangalia. Nilivyokuwa mtoto niliona ni macho ya chuki, na nilibeba hiyo chuki miaka mingi kabla ya kujua kwamba haikuwa chuki. Aliniangalia vile mtu anaangalia mzigo, akipima kama ataweza kuuinua. Kisha akamgeukia Mchungaji.

"Mtoto wangu si mwongo," alisema, na akakaa.

Hapo wazee wakamtoa kwenye ushirika wa kanisa. Walisema akitubu atarudishwa. Yeye akasema hawezi kutubu chai.

Siku zilizofuata zilikuwa za kimya. Kwanza wale akina mama wa kanisa walikoma kupita. Halafu wanaume, mmoja mmoja, walianza kukaa kwa Mama Ndinda wakiwa wametugeuzia migongo. Askari wa chifu walikuja kutafuta mitungi. Hawakupata mtungi, lakini mmoja wao akapiga kitete teke, ili wasirudi mikono mitupu nadhani, na maziwa yakaingia kwenye mchanga. Abdi ndiye peke yake aliyebaki kwenye benchi. Alimfuata Mwalimu Musau mpaka mlangoni pa hoteli, na soko lote likasikia.

"Mwalimu, mimi Mwislamu. Nitakaa kwa pombe mimi? Kila siku ya soko? Uliza dini yangu."

"Haya ni mambo ya kanisa, Abdi," Mwalimu alimjibu. "Wewe endelea na ng'ombe zako."

Watu wakacheka, na Abdi akarudi akakaa, akaomba kikombe kingine hata kama kile cha kwanza kilikuwa bado kimejaa.

Mimi sasa nilikuwa na shida yangu, ambayo sikumwambia mtu. Mwalimu hawezi kukosea Kiingereza. Hilo nililijua kama ninavyojua jua linatoka upande wa Kitui. Mama naye hawezi kudanganya. Basi lazima kuna kitu hapa katikati ambacho mimi sikioni. Nilifikiri labda Kiingereza kimeona. Labda nilipoliandika lile neno nene, neno lenyewe lilijua kitu cha mama yangu ambacho mimi sijui, kikatoka bila mimi kutaka. Ndiyo nikaanza kuchungulia. Nilitazama chini ya kitanda. Nilitazama ghalani nyuma ya mbaazi. Na siku ile, mama akiwa nje, nikaitungua sufuria kwenye msumari wake na kuingiza kichwa.

Unaona sasa. Alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima, akakubali kuitwa mpika pombe, ili mimi nisiitwe mwongo. Halafu akaja akanikuta namnusa.

Baada ya siku hiyo hakunipa tena mfuniko. Chai ilipanda, ikashuka, ikapanda, na yeye akaimimina. Nilisimama pale pale mahali pangu kando ya moto, mate yamejaa mdomoni, nikingoja kusikia onja uniambie. Hakusema. Wala hakunifukuza. Alinizunguka, kama unavyozunguka mti ulioukuta njiani.

Kabla ya mvua kuanza alifunga sufuria kwenye leso na kuondoka kwenda Kambu, kule kwenye barabara kuu ya Mombasa, ambako madereva wa malori hawaulizi mtu ni wa kanisa gani. Nilimsindikiza mpaka kwenye kona.

"Nikipata pa kukaa nitakuita," alisema.

"Lini?"

"Umalize mtihani kwanza. Msikize Susu."

Alinishika kichwani kidogo. Nilibaki pale nikiangalia vumbi mpaka likalala chini lote, na bado nikaendelea kusimama, kwa sababu kurudi ilikuwa kurudi kwenye nyumba isiyo na moto asubuhi. Susu alikuwa mtu mzuri lakini alikuwa anawasha moto kuchelewa, na alikuwa anakunywa maji ya moto bila majani. Nyumba ilikuwa haina harufu. Watu hawajui huo ni upweke wa aina gani, kuamka na kuvuta pumzi na kusikia udongo mtupu.

Shuleni walinipa jina. Nikipita walikuwa wanaanza, polepole, wakipiga madawati: drink, drank. Halafu wananyamaza, na lile la mwisho wananielekezea kidole. Ngina, yule aliyelizwa kwa sababu ya kupika chai, ndiye aliyekuwa anaongoza. Simlaumu Ngina. Alikuwa amepata mtu wa kukaa chini yake.

Mwalimu Musau alikuwa anasikia huo wimbo. Alikuwa anapita dirishani. Hakuwakataza, na darasani hakuniuliza swali tena mpaka mwaka ukaisha. Yale majicho yake yaliruka dawati langu kama limeng'olewa.

Mtihani wenyewe wa darasa la nane ulipokuja, tulipewa karatasi za insha zimepigwa chapa vizuri, na msimamizi wa kutoka mbali ambaye hakutujua. Walitupa mwanzo wa hadithi tuumalizie. Nilikumbuka hii ni ya kusimulia, hii unaweza kutunga. Nilijua la kuandika. Lakini nilipoweka kalamu, kila neno nililolifikiria nililiogopa, nikawaza litakuwa na jina lingine nyuma yake. Nikiandika moto, labda moto ni kitu cha aibu. Nikiandika mama, labda pia. Niliandika jina langu na namba yangu, nikakunja mikono. Msimamizi alikuja akasimama kando yangu.

"Unaumwa?"

"Hapana, sir."

"Basi andika. Chochote."

Hicho chochote ndicho sikuweza. Karatasi yangu ilirudi nyeupe, na masomo yangu yakaishia hapo.

Mama alinichukua Kambu baadaye, alitimiza neno lake. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi kando ya barabara, malori yakitupulizia moshi. Alinifundisha kila kitu cha chai. Lakini kuonja alikuwa anaonja mwenyewe, amenigeuzia mgongo. Siku moja nikiwa tayari mama wa watoto nilijaribu kumweleza habari ya drunk na drunk, na kwamba hata brew ni ya chai na ni ya pombe pia, vile nilivyokuja kuelewa. Alinisikiza mpaka mwisho.

"Nilijua uliandika chai," alisema. "Nilijua siku ile ile."

Sikuthubutu kumuuliza kama ni hivyo, mbona ule mfuniko. Nilijua mbona. Si kile nilichoandika kilichomkata. Ni kile nilichonusa.

Alipokufa nilimrudisha nyumbani kumzika, na kanisa la Mukuyuni lilikataa kuja kumwombea. Walisema jina lake bado liko nje kwa kosa la uki, na hakuwahi kutubu. Mchungaji Kilonzo mwenyewe alishakufa zamani, lakini kile alichokiacha bado kinafanya kazi. Mama Ndinda naye yuko hai, hoteli sasa ni ya ghorofa. Nikaenda kwa Mwalimu Musau. Ni mzee sasa, bado anakaa kiti cha mbele kanisani, na watu bado wanamletea watoto awafundishe Kiingereza. Nilimkuta barazani kwake. Nilimuuliza polepole, kwa heshima, kama anakumbuka insha yangu.

"Aa, mama," alisema, na akatabasamu. "Hayo yalikuwa mambo ya Kiingereza tu."

Alinipa kiti. Bibi yake akaniletea chai, na nikaiacha ikapoa.

Sasa Mutheu ananiambia kwamba katika ule mtihani wake, jambo la kwanza ni kujua swali ni la aina gani, kwa sababu mtu mjanja anaweza kujaza karatasi nzima na asijibu alichoulizwa. Basi Mwalimu, nakuambia aina ya swali langu mapema, usije ukanijibu lingine. Si la kubishana. Sitaki pande mbili, sitaki faida na hasara. Si la kusimulia, usitunge. Ni lile la kueleza, lile ulilosema mtu anaandika kile kilichokuwa mbele ya macho yake.

Karatasi ilikuwa mbele ya macho yako. Simama Jumapili mahali pale pale uliposimama, kanisa likiwa limejaa, na ueleze neno uki ulilisoma mstari gani. Usilete Kiingereza. Jibu kwa Kikamba, tusikie wote.